Umeme wa Jua Nyumbani (3): Kubana au Kuchomelea?

Sehemu iliyopita ilihusu unene wa waya. Leo tutazame maungio, kwani kwenye volti 12 kiungo kibaya hakisameheki. Taa na redio za jumla ya wati 60 huvuta ampea 5, ilhali kwa umeme wa TANESCO wa volti 230 zingevuta kama robo ampea tu. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 kikipitisha ampea hizo 5 hula nusu volti na kutoa wati 2.5 za joto, zote mahali padogo kama punje ya hindi.

Wengi huamini kiungo kilichochomelewa kwa risasi ndicho imara kuliko vyote. Ndani ya redio, kwenye bodi, sina ubishi. Lakini kwenye waya wa nyuzi nyingi, risasi iliyoyeyuka hupanda kati ya nyuzi hadi chini ya ganda la plastiki, na pale inapokomea, waya mgumu hukutana na waya laini. Mtikisiko wote huishia hapo. Gari la watalii linalotoka Arusha kwenda Serengeti hutikisika saa nyingi kwenye vumbi. Nyuzi hukatika moja moja ndani ya ganda, na kwa nje huoni kitu.

Terminali, kile kichuma kinachovishwa ncha ya waya, ikibanwa vizuri hufinya shaba hadi hewa ikose pa kupita, na waya hubaki laini. Lakini ibanwe kwa koleo lake, lile lisiloachia mpaka limebana sawasawa. Plaizi ya kawaida au nyundo huilaza terminali tu. Kila ukimaliza, vuta waya kwa mkono.

Linaloniumiza ni desturi ya kupaka risasi ncha ya waya, kisha kuibana au kuikaza kwa skrubu. Hupendeza machoni. Ila risasi ni laini: ikikandamizwa hujongea kidogo kidogo kwa miezi, skrubu ikalegea bila kuguswa, kiungo kikapata moto, pengine katika nyumba ya mbao ya Ngarenanyuki watoto wakiwa wamelala. Kanuni za NASA zinakataza kabisa kubana waya wa nyuzi uliopakwa risasi.

Kama huna koleo la kubania, sokota nyuzi barabara, chomelea kwa risasi, funika, kisha funga waya ukutani pande zote mbili za kiungo ili usitikisike.

Sehemu ijayo: fyuzi, na mahali pa kuiweka.