Barua ya Deni Kutoka Uingereza: Rufaa na Msamaha Si Kitu Kimoja

Nyumba nyingi hapa Pwani huisikia habari hii kwa upande wa pili. Pesa za mwezi hazikuja, na ukipiga simu waambiwa, "Mama, nakatwa." Aliyeko Uingereza ameletewa barua kwamba alilipwa msaada wa serikali kupita kiasi, sasa anadaiwa. Nimeulizwa sana juu ya barua hizi, basi acha nieleze.

Kinachowatega wengi ni kuandika rufaa ya maneno haya: "Kosa si langu, walinilipa wenyewe." Kwa Universal Credit, hoja hiyo peke yake haishindi rufaa. Sheria ya mwaka 2012 iliiruhusu wizara inayohusika, DWP, kudai hata pesa ilizolipa kwa makosa yake yenyewe. Sheria kavu, lakini ndiyo iliyoko. Posho ya Carer's Allowance, ya anayemtunza mgonjwa, ni tofauti. Huko wizara lazima ionyeshe kwamba mlipwaji alisema yasiyo kweli, au alinyamazia alilopaswa kusema.

Kwa hivyo rufaa ya Universal Credit ishike hesabu: je, kweli nililipwa zaidi? Kwa miezi ipi? Kiasi ni hicho? Kwanza aombe uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja. Akikataliwa, ana mwezi mwingine wa kulifikia baraza la rufaa, ambalo haliko chini ya wizara. Na aandike kuomba makato yasimamishwe shauri likiendelea, asidhani yatasimama yenyewe.

Akishinda, deni hufutwa, na alichokwisha kukatwa adai arudishiwe. Baraza likipunguza kiasi, atalipa kilichobaki. Akishindwa, makato huendelea, lakini tangu Aprili 2025 makato ya Universal Credit kwa kawaida hayapiti asilimia 15 ya kiwango cha msingi. Awali ilikuwa 25. Anaweza pia kuomba akatwe kidogo zaidi.

Hata aliyeshindwa bado ana mlango wa msamaha. Huu hauulizi kama deni lipo, wauliza kama ni haki kulidai. Hapa ndipo pa kusema kosa ni lao, na kuonyesha kwa karatasi mapato, kodi ya nyumba, maradhi. DWP haisamehi kwa urahisi. Lakini mwaka 2023 Mahakama Kuu ya huko ilisikiliza kesi ya mama aliyedaiwa zaidi ya pauni 8,600. Aliwahi kuuliza kama anastahiki, maafisa wakamwambia ndiyo. Mahakama ikaamua kwamba kumnyima msamaha kulikuwa kinyume cha sheria.

Wako wanaoona haya kuomba, ati deni ni deni na akhera litaulizwa. Mdai akisamehe kwa hiari yake, deni gani tena? Aliyeficha makusudi, huyo alipe.

Nasi tulioko huku, tukiambiwa "nakatwa", tuulize kwanza: barua yenyewe ni ya tarehe ngapi?