Uchungu wa uzazi: Mama aondoke lini nyumbani?

SWALI linalowatatiza wajawazito wengi wa Chekalini, eneo la Lugari, si kama waende hospitalini, bali waende lini. Anayefika mapema mno huenda akarudishwa nyumbani. Anayechelewa huenda akajifungulia njiani.

Katika mwongozo wake wa 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa uchungu hukolea mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5.

Kwa mimba ya kwanza, mama aondoke uchungu unapomrudia kila baada ya dakika 5, ukidumu takriban dakika nzima, kwa muda wa saa moja. Aliyewahi kuzaa, au anayeishi mbali na Hospitali ya Lumakanda, asingoje hadi hapo.

Sindano ya ganzi ya mgongoni huhitaji mtaalamu wa nusukaputi, ambaye hapatikani katika kila zahanati. Anayeitaka aulizie mapema kliniki. Hata bila sindano, kutembea, kukandwa mgongo na kuwa na mwandani humpunguzia mama maumivu.

Hata hivyo, chupa ikipasuka, damu ikitoka, kichwa kikiuma sana au mtoto akipunguza kucheza tumboni, asihesabu dakika. Aondoke papo hapo.