Je, Wajua? Matunda ya Nakivale na Oruchinga

Je, wajua kwamba Msomali hula ndizi mbivu pamoja na wali? Huimenya, huiweka pembeni ya sahani, na kila tonge la wali na nyama hulisindikiza kwa kipande chake. Kabla ya vita vya 1991, mabonde ya Juba na Shabelle nchini Somalia yalikuwa yakipeleka ndizi Italia kwa meli. Kwa hiyo akifika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ndizi haimshangazi. Kinachomshangaza ni kuiona imemenywa ikiwa mbichi, imefungwa kwenye majani ya mgomba, imepikwa kwa mvuke mpaka ikawa njano, kisha ikapondwa. Hiyo ndiyo matoke, na Isingiro, wilaya yalipo makazi ya Nakivale na Oruchinga, ni moja ya ngome zake nchini Uganda.

Je, wajua kwamba mgomba nao ulihamia huku? Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea. Fenesi na embe zilitoka upande wa India, parachichi Mexico na Amerika ya Kati, nanasi na pasheni Amerika ya Kusini. Tikiti maji ndilo la Afrika: jamaa yake wa karibu kabisa huota Kordofan, Sudan, na mbegu zake zilikutwa kaburini mwa Tutankhamun.

Bogoya, ndizi ndefu tamu inayouzwa Mbarara, ni ile ile Gros Michel iliyotawala masoko ya Ulaya na Marekani hadi miaka ya 1950, kabla ya ugonjwa wa Panama kuyamaliza mashamba makubwa ya Amerika ya Kati. Wanunuzi wa huko leo wanakula Cavendish. Waliokosa bogoya wamekosa utamu.

Nakivale ilifunguliwa 1958, Oruchinga 1961. Wanyarwanda walitangulia, leo sokoni utamkuta Mkongo, Mrundi, Mwethiopia na Msomali, na Kiswahili kikiwa lugha ya kupatana bei. Mkongo akiomba avoka, mpe parachichi.

Na je, wajua kwamba parachichi haliivi likiwa mtini? Hulainika baada ya kuchumwa. Una haraka? Lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Hewa inayotoka kwenye ndizi ndiyo inayoliivisha. Waethiopia hulisaga likawa zito, wakalimimina kwenye glasi moja na embe na papai, kila rangi ikikaa tabaka lake, juu wakakamua ndimu. Hunywewa kwa kijiko. Atakayekukaribisha kinywaji hicho, usikatae.

Fenesi linaweza kuzidi kilo 30, na ndilo tunda kubwa kuliko yote yanayozaliwa mtini. Pakaa mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kulipasua, la sivyo ulimbo utakuganda na sabuni haitakusaidia. Kokwa usitupe: chemsha kwa chumvi.

Je, wajua kwamba Ethiopia kuna mmea unaofanana kabisa na mgomba, lakini tunda lake haliliwi? Unaitwa enset. Shina na kitako chake hukwanguliwa, huvundikwa shimoni, na huokwa mkate wa kulisha mamilioni ya watu. Ni juu ya enset ndipo mnyauko wa migomba ulipoelezwa mara ya kwanza, mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda na pia Masisi, Kongo. Hili mkulima yeyote wa Isingiro alishike: wadudu hubeba bakteria wa mnyauko huo kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Chane ya mwisho ikishatoka, livunje ua hilo kwa kijiti chenye panda. Usitumie panga, maana panga lililopita kwenye mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima. Ukilazimika kulitumia, lichome motoni kwanza.

Wengi wanaoishi ugenini huona kupanda mti ni kazi ya mwenyeji. Mimi naona sivyo. Parachichi la mbegu hukuweka miaka mitano na zaidi, lakini papai hukulisha ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Mvua za Machi zikikaribia, omba mbegu za papai kwa jirani, panda miche mitatu kila shimo. Ikitoa maua, ng'oa madume, ubakize mmoja tu wa kuchavusha kiwanja kizima.