Kwa nini barafu ya nyuzi 0 inateleza kuliko ya hasi 20

Mtu aliyetoka Mombasa au Mwanza akaenda kusoma Minnesota, kaskazini mwa Marekani, huogopa zaidi baridi yenyewe. Simu ikionyesha hasi 20 hatoki na gari. Ikionyesha 1 au 2 anasema leo afadhali, anawasha. Kwenye barabara za vijijini kule, hiyo siku ya "afadhali" ndiyo inayotupa magari mtaroni.

Sababu iko kwenye uso wa barafu. Molekuli za maji zilizo ndani zimeshikwa na jirani pande zote. Zile za juu kabisa zimekosa jirani wa upande mmoja, kwa hiyo zimelegea. Michael Faraday alilidokeza jambo hili tangu 1850. Kadiri barafu inavyokaribia kuyeyuka, ndivyo tabaka hilo legevu linavyokuwa nene, na tairi likilisugua linaongeza joto na maji kidogo. (Yale maelezo kwamba uzito ndio unaoyeyusha barafu hayatoshi. Shinikizo la tairi la gari dogo halishushi kiwango cha kuyeyuka hata kwa nyuzi 0.1.) Kwenye hasi 20 barafu bado inateleza, ila inashika tairi vizuri zaidi.

Hebu tupige hesabu. Unakwenda kilomita 80 kwa saa. Kwenye lami kavu, yenye msuguano wa kama 0.7, breki zikishaanza kushika unasimama ndani ya mita 36. Kwenye barafu yenye majimaji msuguano unaweza kushuka hadi 0.1, na hapo unahitaji mita 250, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira. Habari njema ni kwamba umbali huo unafuata mraba wa mwendo: shuka hadi 40, unabaki na mita 63 hivi.

Barabara kuu humwagiwa chumvi mapema, za vijijini husubiri zamu. Na chumvi yenyewe, baridi ikipita kama hasi 9, inafanya kazi polepole mno. Usiku anga likiwa wazi, lami hupoteza joto lake juu angani, ikaganda hata kama hewa iko nyuzi 2. Kipima joto cha gari lako kinapima hewa, hakijui chochote kuhusu lami. Daraja ni baya zaidi: linapozwa juu na chini, wala halina ardhi ya kulipasha joto, ndiyo maana huganda kwanza. Barafu hiyo ni nyembamba na angavu, unaona lami tu, ukadhani imelowa. Angalia gari la mbele: kama barabara inang'aa lakini matairi yake hayarushi maji, punguza mwendo taratibu, bila kukanyaga breki ghafla.

Matairi ya msimu wa baridi yana maana, kwa sababu mpira wa kawaida huanza kukakamaa chini ya nyuzi 7. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne litakusaidia kuondoka, basi. Kusimama ni habari nyingine. Hata Vitz ina breki kwenye magurudumu yote manne. Ukianza kuserereka, toa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, na uelekeze usukani huko polepole.

Ukikwama kwenye theluji mbali na nyumba za watu, baki ndani ya gari. Ni rahisi kuonekana kuliko mtu anayetembea. Kabla ya kuwasha injini upate joto, shuka ufukue theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, kaboni monoksidi inaingia ndani, na haina harufu wala rangi. Washa kama dakika 10 kila saa, dirisha ukiliacha wazi kidogo, kisha lichunguze bomba tena kabla ya kuwasha mara nyingine.