Majina Yasiyosomwa Siku ya Zawadi



Neno letu tunalipata katika kitabu cha Nehemia, mlango wa 3. Wengi wetu huuruka mlango huu, kwa maana ni majina matupu: fulani alijenga hapa, na baada yake fulani akajenga pale. Nawasihi leo tusiuruke.

Ninyi mlio huku Wusi mnaijua siku ya zawadi katika shule ya msingi. Wazazi wanapanda vilima tangu asubuhi, akina mama wamepika kimanga, kwaya imejipanga, na mwalimu mkuu ameshika karatasi. Kwa miaka mingi karatasi ile ilikuwa ya alama. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985 na ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Aliyeongoza aliitwa mbele akapigiwa vigelegele. Wa thelathini hakuitwa, wala mama yake hakuitwa.

Sasa mambo yamebadilika, na wazazi wengine wamechanganyikiwa. Mtoto wa gredi ya 6 hufanya tathmini ya KPSEA, iliyoanza mwaka 2022. Tathmini hiyo haimfungii mlango. Anaendelea gredi ya 7, mara nyingi katika uwanja ule ule. Lakini msiidharau. Inachukua asilimia 20 ya hesabu itakayomweka katika sekondari ya juu. Asilimia 20 nyingine hutoka katika kazi zake za gredi ya 7 na ya 8, na 60 katika mtihani wa gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Basi wazazi huuliza, "Mchungaji, tutampigia nani makofi?"

Turudi kwa Nehemia. Ukuta wa Yerusalemu ulikamilika kwa siku 52, naye anaandika kila mtu na sehemu yake. Kuhani mkuu Eliashibu yumo, na kazi yake ilikuwa lango la kondoo. Uzieli ni wa wafua dhahabu, Hanania ni mtengeneza manukato. Hawakuwa waashi, lakini walishika mawe. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Yumo hata aliyetengeneza lango la jaa, palipopitishwa takataka za mji! Na wale Watekoi, wakubwa wao walikataa kuinama wafanye kazi, lakini watu wa kawaida walimaliza sehemu yao, kisha wakachukua ya pili. (Wakubwa wa namna hiyo tunao. Hufika saa sita, huketi mbele, hutoa hotuba ndefu, na huondoka kabla ya vyombo kuoshwa.)

Sisi Wataita tusione jambo hili kuwa geni. CMS ilifika Sagalla mwaka 1883 kwa mkono wa Joseph Wray, na baadaye ikaweka kituo hapa Wusi. Ibada na kusoma vilikwenda pamoja. Na Mzee Kenyatta alipotoa mwito wa Harambee mwaka 1963, wazazi kote nchini walijenga madarasa kwa mikono yao.

Kwa hiyo mtoto aliyefanya vizuri apewe zawadi yake, na apigiwe makofi ya kutosha. Mimi siungi mkono wale wanaosema tusimsifu asije akajivuna. Lakini mwalimu mkuu asome na majina mengine: baba aliyepigilia misumari madawati bila malipo, mama anayewasha moto wa jikoni la shule kabla ya jua kuchomoza, wasichana waliombebea mwenzao mkoba kila siku kwa kuwa mguu wake ni mgonjwa.

Tena liko jambo zito zaidi. Kila mwaka kuna mtoto tuliyemshangilia, na shule zinapofunguliwa yeye yuko nyumbani anachunga mbuzi. Makofi hayanunui sanduku wala godoro. Nehemia anasema wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Jirani yako ana mtoto kama huyo? Basi hiyo ndiyo sehemu yako ya ukuta. Wazee wa kanisa, na ninyi akina mama wa Umoja, Jumapili hii ulizeni ni nani, na mahitaji yake ni kiasi gani.

Tuombe. Ee Bwana, tunamleta mbele zako mtoto aliyefaulu na bado hana karo. Umfungulie njia, nasi utupe mioyo ya kumsaidia kabla muhula haujaanza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.