Matunda na Afya (3): Peasi Halimenywi

Wiki iliyopita tuliishia kwenye tufaha, nikaahidi kumfuata ndugu yake wa ukoo mmoja, peasi. Kwanza jina lake. Wareno ndio waliotuletea mpera, mti wa asili ya Amerika, na katika lugha yao pêra ni peasi. Kwa hiyo Mswahili anapotaja pera analiita tunda moja kwa jina la jingine. Peasi lenyewe lilipokuja kupandwa kwenye milima ya baridi kama Usambara, lilikuta jina lake lina mwenyewe, likabidi litafutiwe jingine.

Wameachiana jina, lakini hawakuachiana vitamini. Gramu 100 za peasi bichi zina miligramu 4 hivi za vitamini C. Gramu 100 za pera zina miligramu zipatazo 228, yaani zaidi ya mara 50. Anayetafuta vitamini C, basi, asimpite muuza mapera barabarani kwenda kununua peasi la Afrika Kusini lililopangwa kwenye friji ya supamaketi.

Sifa ya peasi iko kwingine. Tunda moja la wastani lina karibu gramu 5.5 za nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Tunda moja tu limeshalipa zaidi ya moja ya tano ya deni hilo. Zile chembechembe unazozisikia ulimini kama mchanga si uchafu wala ugonjwa wa tunda. Ni seli zilizojenga kuta ngumu za lignini, dutu ileile inayoupa mti ugumu wake, nazo zimo kwenye hesabu ya nyuzinyuzi.

Sasa antioksidanti, neno linaloandikwa siku hizi mpaka kwenye chupa za shampuu. Tusianze na kamusi, tuanze na kisu. Kata peasi vipande viwili. Kimoja kiache mezani hivyohivyo, kingine kikamulie ndimu. Ukimaliza kikombe chako cha chai, cha kwanza kimeshaingia ukahawia na cha ndimu bado cheupe. Ndani ya peasi kuna asidi ya klorojeni, iliyomo pia kwa wingi kwenye kahawa. Kisu kimezipasua seli, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kimekutana na asidi hiyo mbele ya oksijeni. Ukahawia ni matokeo ya kukutana huko. Ndimu imefanya mambo mawili: uchachu wake umekidhoofisha kimeng'enya, na vitamini C yake imeirudisha asidi katika hali ya mwanzo kabla haijabadilika rangi, yenyewe ikaoksidishwa badala yake. Hiyo ndiyo kazi ya antioksidanti, kujitoa ili kingine kisalimike. Mwilini, kinacholindwa ni mafuta ya utando wa seli, protini na hata vinasaba, dhidi ya molekuli korofi ziitwazo radikali huru, ambazo miili yetu huzizalisha kila tunapopumua.

Peasi lina jeshi dogo la namna hii: asidi ya klorojeni, epikatekini, jamii ya kwesetini, na arbutini. Sehemu kubwa ya jeshi hilo imepiga kambi kwenye ganda, kwa kuwa ganda ndilo linalopambana na jua, kuvu na wadudu. Nyama ya ndani imebaki na sukari, maji na sehemu ndogo tu. Anayelimenya peasi ametupa kile alichosema anakifuata.

Aina nazo hutofautiana, na mara nyingi tofauti unaiona kwa macho. Williams, ambalo Wamarekani huliita Bartlett, ni la kijani na hugeuka manjano likiiva. Lina ndugu zake wekundu, na wekundu huo ni anthosianini, antioksidanti nyingine ambayo la kijani halina au linayo kidogo sana. Forelle, linalolimwa sana Afrika Kusini, huwa jekundu upande mmoja tu, ule uliotazama jua, kwa sababu rangi hiyo inahitaji mwanga ili itengenezwe. Peasi la Asia, lile la duara ambalo Wajapani huliita nashi, lina maji mengi zaidi, asilimia 88 hivi, na sukari kidogo zaidi. Ni zuri kwa kiu.

Arbutini inataka tahadhari ndogo. Kikemia ni haidrokwinoni iliyofungwa na glukosi, na watengenezaji wa krimu za kung'arisha ngozi huitumia. Haidrokwinoni yenyewe ndiyo iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya. Asije mtu akasaga maganda ya peasi akajipaka usoni akasema ameyasoma hapa.

Wala asije mtu akauziwa unga wa antioksidanti kwenye kopo. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kwenye tovuti yake jedwali lililopanga vyakula kwa nguvu za antioksidanti zilizopimwa maabara. Ilieleza kwamba namba zile hazionyeshi faida yoyote kwa mwili wa mtu, na kwamba kampuni zilikuwa zikizitumia vibaya kuuzia bidhaa zao. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Finland ilitoa matokeo ya utafiti wa wanaume 29,133 wavutaji sigara. Waliopewa vidonge vya betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Kinachokaa vizuri ndani ya tunda, pamoja na wenzake, si lazima kifanye vivyo hivyo kikitolewa peke yake na kushindiliwa kwenye kidonge.

Ukinunua peasi gumu, usilikatie tamaa. Mapeasi ya jamii ya Ulaya huchumwa yakiwa yamekomaa lakini magumu, yakaivia nje ya mti, tena kuanzia ndani. Liache mezani siku chache, kila siku ulibonyeze taratibu karibu na kikonyo. Likibonyea hapo, liko tayari. Lioshe vizuri, ule na ganda lake. Mwenye tumbo la kujaa gesi aanze na nusu, maana peasi lina sorbitoli, sukari isiyofyonzwa yote, ambayo huvuta maji utumboni. Kwa aliyefunga choo, hiyohiyo ndiyo nafuu yake.

Wiki ijayo ni zamu ya pera.