Kombe ni la Mheshimiwa, Mpira ni wa Watoto

Ndugu zetu wa vikundi, katika kurasa hizi huwa tunaongea juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Leo tuongee juu ya mpira wa watoto, kwa sababu tumeona ukivunja kikundi.

Tulihudhuria fainali moja ya watoto wa chini ya miaka 15 huku kwetu Meru. Mechi ilikuwa ianze saa nne asubuhi. Watoto walivaa jezi mpya zenye picha ya mtu mzima kifuani. Mgeni wa heshima alifika saa nane na nusu, na hotuba zikachukua saa nzima. Watoto walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi. Mvua ilikuwa inakaribia, kwa hivyo wakacheza dakika 15 tu kila kipindi. Refa, kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi juzi, akatoa penalti. Wazazi wakaingia uwanjani. Wa kwanza kumpiga kofi alikuwa mwekahazina wa mradi wa maji.

Vijiji vile viwili vinatumia bomba moja. Kwa miezi 3 hakuna aliyetaka kuitisha mkutano wa mradi. Bomba lilipopasuka likaachwa hivyo, na akina mama wakarudi kuchota mtoni. Na watoto je? Jumatatu walikuwa wanacheza pamoja njiani kutoka shule, mpira wa makaratasi.

Mambo haya huanzaje?

Kwanza ni pesa. Kikundi hakina mpira wala neti, na mkono mtupu haulambwi. Anayetaka kura anakuja na jezi, mipira miwili na mbuzi wa zawadi. Uchaguzi mkuu wetu huja kila miaka 5, mwezi wa Agosti. Hesabuni wenyewe makombe huwa mengi mwaka gani. Kura zikipita, mpira ukipasuka hakuna wa kuushona. Tena mjue pesa nyingine hazitoki mfukoni mwa mtu. Sheria ya mwaka 2015 ya mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, NG-CDF, iliruhusu hadi asilimia 2 ya pesa hizo ziende kwa michezo. Hizo ni kodi zenu. Mlichanga mliponunua sabuni.

Pili ni umri. Zawadi ikiwa kubwa, wakubwa wanaleta "mtoto" wa miaka 14 ambaye ananyoa ndevu. Mtoto wa kweli anakaa nje akitazama. Anajifunza kwamba unaweza kudanganya na wazee wakakupigia makofi.

Tatu ni sisi wazazi. Tunatukana refa, tunagombeza mtoto aliyekosa bao, halafu Jumapili tunamwambia awe na adabu.

Hata huko juu ni hivyo hivyo. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho la kandanda la Kenya kwa madai ya pesa kutumiwa vibaya. FIFA ikasema huko ni kuingilia, na kuanzia Februari 2022 mpaka Novemba Kenya ikafungiwa. Hatusemi nani alikuwa na haki. Tunatazama walioumia: wasichana wa Harambee Starlets walikuwa wamebakiza kucheza na Uganda ili waende Kombe la Afrika la wanawake. Hawakucheza, na Uganda ikaenda. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia.

Tufanye nini?

Chama cha MYSA, kilichoanzishwa Mathare, Nairobi, mwaka 1987, kiliweka kanuni moja nzuri: timu ilipata pointi si kwa kushinda tu, bali pia kwa kusafisha mtaa wake. Yaani tabia nayo ilihesabiwa. Sisi pia tunaweza:

1. Kanuni ziandikwe kabla ya zawadi kupokewa. Jezi isiwe na picha ya mtu wala rangi ya chama. Mgeni aongee dakika 3, baada ya mechi. Akichelewa, mpira uanze.

2. Kila zawadi iandikwe kitabuni, na vijiji vyote viwili vitie sahihi.

3. Vyeti vya kuzaliwa vikaguliwe wiki moja kabla, makocha wote wakiwepo.

4. Vuteni kamba hatua 3 nje ya mstari. Mzazi akiivuka, mechi inasimama mpaka atoke. Kapteni peke yake ndiye aongee na refa.

5. Msingoje mfadhili kwa kila kitu. Wanachama 40 wakitoa shilingi 50 kila mmoja, ni shilingi 2,000. Hiyo ni mpira, na hakuna wa kuwadai kura.

Yule mwekahazina baadaye alisimama mbele ya watu akamwomba yule kijana msamaha. Haikuwa rahisi, mzee kumwomba kijana. Lakini wiki hiyo mkutano ulikaa na bomba likatengenezwa. Bwana Yesu aliwakemea wanafunzi wake walipowazuia watoto. Basi nasi tusiwe ukuta kati ya watoto na mchezo wao.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Je, katika kijiji chetu nani huamua mechi ianze saa ngapi?

Zawadi za mwisho tulizopokea ziko wapi leo?

Mtoto wako akiulizwa unavyofanya ukiwa kando ya uwanja, atasema nini?